Kurudi kwa hiari kwa msaada: yale ambayo familia na makanisa yetu yapaswa kujua

Siku ya kuombea jamaa, katika makanisa mengi ya Kisangani majina ya walio nje huchukua muda kusomwa. Mmoja yuko Bruxelles, mwingine Rabat, mwingine Cape Town, wengine wako Nakivale na Nyarugusu. Kwa miaka mingi tumewaombea jambo moja: wapate karatasi. Siku hizi kuna ombi lingine, nalo huletwa kwa sauti ya chini, ibada ikiisha. Ndugu amekataliwa ukimbizi. Amepewa barua ya kuondoka nchini. Halafu kuna ofisi inayomwambia kwamba akikubali kurudi kwa hiari atalipiwa tiketi na kupewa kitu cha kuanzia maisha. Familia inamwuliza mchungaji: akubali au akatae?

Mchungaji hawezi kujibu swali hilo kwa niaba ya mtu, na tunaona si vema ajaribu. Lakini anaweza kujua mpango huo ni nini, unaishia wapi, na maswali gani yaulizwe kabla ya sahihi kuwekwa. Ndiyo maana tumeandika makala haya.

Mpango wenyewe

Shirika la Kimataifa la Uhamiaji, ambalo huku kwetu linajulikana kama OIM, lilianzishwa mwaka 1951, wakati Ulaya ilikuwa bado imejaa watu waliohamishwa na vita. Kazi yake ya kuwasaidia watu kurudi kwao kwa hiari ilianza Ujerumani mwaka 1979, na Ubelgiji ilifuata mwaka 1984. Tangu hapo watu zaidi ya milioni moja wamepita njia hiyo, kutoka nchi nyingi za dunia.

Kwa Wakongo walio Ubelgiji, mlango wa kwanza ni Fedasil, ofisi ya serikali ambayo pia inasimamia vituo vya kupokea waomba ukimbizi. Safari hupangwa na OIM, na msaada wa kuanza upya hupitia OIM yenyewe au Caritas International. Ufaransa kazi hiyo ni ya OFII. Kule Moroko, ambako vijana wetu wengi hukwama wakitafuta njia ya kuvuka bahari, OIM ndiyo inayopokea maombi.

Hatua zake zinafanana karibu kila mahali. Mtu anakwenda mwenyewe na kueleza hali yake. Mshauri anaongea naye. Akiamua kurudi, anaweka sahihi kwenye tamko la kurudi kwa hiari. Kama hana pasipoti, ubalozi wa Kongo huombwa hati ya safari ya mara moja. Tiketi hukatwa, na mara nyingi hupewa fedha kidogo za njiani. Akifika, kama yumo katika kundi linalostahili, anatengeneza mpango wa kazi au masomo pamoja na shirika lililo Kongo, na shirika hilo linamfuatilia kwa miezi kadhaa. Huduma hii ni ya bure. Mtu yeyote anayedai dola ili aandikishe jina la ndugu yenu kwa OIM ni mwizi, hata kama ana karatasi zenye alama ya shirika.

Si waliokataliwa tu wanaoweza kuomba. Anayengoja jibu anaweza pia, na hata ambaye hakuwahi kuomba ukimbizi. Ila kwa anayengoja jibu, kurudi maana yake kwa kawaida ni kuondoa ombi lake la ukimbizi, na mlango huo si rahisi kufunguliwa tena. Kabla ya siku ya safari mtu anaweza kubadili mawazo. Ndege ikiisha kuruka, basi.

Mambo matatu yanayochanganywa

Katika mazungumzo ya mtaani, kila anayerudi huitwa "aliyefukuzwa". Tunaomba wahubiri na viongozi wa vikundi waache neno hilo, maana linachanganya mambo yasiyofanana, tena linaumiza.

Kufukuzwa tunakujua. Mwaka 2018, kuanzia Oktoba, Wakongo mamia ya maelfu walitolewa Angola kwa muda wa wiki chache tu, wakaingia Kasai kwa miguu na kwa malori, wengi wakiwa wamenyang'anywa vitu vyao. Hakuna aliyewaomba sahihi.

Kurudishwa kwa wakimbizi ni kazi ya HCR, nayo huwahusu wale waliokubaliwa kuwa wakimbizi. Wasomaji wetu wa Fizi na Moba wanaikumbuka vizuri: kuanzia 2005 meli zilileta watu Baraka kutoka kambi za Tanzania, na kuanzia 2007 zilileta wengine Moba kutoka Zambia. Nchi mbili na HCR huweka mkataba, na watu hurudi kwa makundi, kijiji pamoja na majirani zake.

Kurudi kwa hiari kwa msaada ni jambo la tatu. Anayerudi ni mtu mmoja au nyumba moja. Mara nyingi hana haki tena ya kukaa aliko, au hakuwa nayo tangu mwanzo. Anarudi peke yake, bila kundi la kumfunika. Upweke huo ndio unaoleta aibu tutakayoisema mbele.

Neno "hiari"

Mkataba wa Umoja wa Nchi za Afrika kuhusu wakimbizi, uliotiwa sahihi Addis Ababa mwezi Septemba 1969, unaweka sharti katika kifungu chake cha 5: hakuna mkimbizi wa kurudishwa bila kutaka mwenyewe. Mkataba wa Geneva wa 1951 nao unakataza kumrudisha mtu mahali ambapo maisha yake au uhuru wake uko hatarini. Maneno ni mazuri. Lakini mji wetu uliona jinsi neno "kurudi" linavyoweza kubeba kitu kingine kabisa.

Wazee wa Lubunga hawahitaji kuelezwa habari za 1997. Wakimbizi wa Rwanda waliotoka Tingi-Tingi walitembea msituni hadi Ubundu, wakavuka mto, wakafuata reli kuelekea Kisangani, wakakaa Kasese na Biaro, umbali mfupi kusini mwa mji. Wengi walikuwa mifupa mitupu. Mwezi Aprili kambi hizo zilishambuliwa, watu wakauawa na wengine kutawanyika msituni. Umoja wa Mataifa uliyaandika hayo katika ripoti iliyotolewa 2010. Mwisho wa mwezi huohuo Laurent-Désiré Kabila aliipa HCR siku 60 kuwamaliza wote kuwarudisha kwao. Ndege zikaanza kuwachukua kutoka Kisangani kwenda Rwanda. Tarehe 4 Mei, treni iliyowaleta kutoka Biaro ilijazwa kupita kiasi, na watu zaidi ya 90 wakafa ndani ya mabehewa kwa kukosa hewa na kukanyagwa. Waliobaki hai walipandishwa ndege katika siku zilizofuata. Kwa jumla walikuwa makumi ya maelfu.

Je, walirudi kwa hiari? Wengi wao huenda walipanda ndege kwa furaha. Lakini waliokuwa mbele yao walikuwa na njia moja tu, maana kubaki msituni ilikuwa kufa. Wafanyakazi wa HCR walioshughulika hapa walijua kwamba wanaokoa watu, na kwamba kuokoa huko kusingeweza kuitwa hiari kwa maana ya mkataba wa 1969. Tunalitaja jambo hili si kwa ajili ya kuamsha uchungu kati ya mataifa. Tunalitaja kwa sababu linatupa kipimo: hiari ipo pale mtu anapokuwa na walau njia mbili anazoweza kuishi nazo.

Weka kipimo hicho juu ya habari ya Cape Town. Oktoba 2019 waomba ukimbizi na wakimbizi mamia kadhaa, Wakongo wengi wakiwemo, walikaa nje ya ofisi ya HCR katikati ya mji huo wakisema Afrika ya Kusini imewashinda kwa sababu ya mashambulizi dhidi ya wageni. Walitaka kupelekwa nchi ya tatu. Tarehe 30 Oktoba polisi waliwaondoa kwa nguvu. Kanisa la Methodisti la Greenmarket Square likawafungulia mlango, wakalala kwenye viti na sakafu, wazee na watoto wachanga pamoja. Serikali na HCR walitoa njia mbili: rudini katika mitaa mliyokimbia, au rudini kwenu kwa hiari. Wengi walikataa zote mbili. Katikati ya Novemba viongozi wa makanisa waliokuja kuzungumza nao walipigwa humohumo kanisani. Mambo yaliendelea hivyo mpaka Aprili 2020, wakati wa korona, walipohamishiwa kwenye mahema pembeni mwa mji.

Tumefikiri sana juu ya lile kanisa. Lilifanya vema kufungua mlango. Lakini halikuwa na uwezo wa kutoa kilichotafutwa, na kadiri miezi ilivyopita ndivyo wale waliokuwa ndani walivyozidi kuamini kwamba wakivumilia tu, ndege ya Kanada itakuja. Kupelekwa nchi ya tatu hakupatikani kwa kundi kulala mahali fulani. Nchi inayopokea ndiyo inayochagua, mtu kwa mtu. Hapa kwetu wako watumishi wanaompigia ndugu simu na kumwambia wameona katika maono karatasi zake zimetoka. Pengine wana nia njema. Anayelala baridi kule hukaa mwaka mwingine kwa neno hilo, na muda wa kuondoka bila adhabu unapita.

Muda huo ni jambo la kweli

Kwa walio katika nchi za Umoja wa Ulaya, sheria ya pamoja ya mwaka 2008 inasema anayeamriwa kuondoka hupewa kwa kawaida siku kati ya 7 na 30 aondoke mwenyewe. Akiondoka ndani ya muda huo, huenda asipewe katazo la kuingia tena. Muda ukipita, katazo hutolewa, nalo kwa kawaida halizidi miaka 5, na linashika nchi zote zinazotumia sheria hiyo. Familia nyingi hazijui tofauti hii. Kijana aliyerudi ndani ya muda anaweza kesho kuomba viza ya masomo au ya ndoa, ingawa hakuna ahadi kwamba ataipata. Machi 2025 Tume ya Ulaya ilipendekeza sheria mpya na kali zaidi, kwa hiyo ndugu amwulize mwanasheria au shirika la kusaidia wahamiaji sheria ya siku hiyo, si ya mwaka aliofika.

Kuna wasiopaswa kuharakishwa hata kidogo. Aliye na kesi ya siasa, aliyetajwa majina yake, aliyekimbia jeshi au kundi la silaha, mama aliyekimbia mtu anayeweza kumfuata hadi nyumbani: hao waongee na mwanasheria kwanza. Mahakama ya uhamiaji ya Uingereza iliamua 2007, na tena 2015, kwamba kukataliwa ukimbizi peke yake hakumweki Mkongo hatarini anapofika Kinshasa, lakini ikakubali kwamba kwa watu wengine, hasa wapinzani wanaojulikana na serikali, hatari ipo. Maana yake ni kwamba kila kesi ina uso wake.

Na watu wa Kivu na Ituri je? Goma ilitekwa na M23 Januari 2025, Bukavu ikafuata Februari, na uwanja wa ndege wa Goma ukafungwa. HCR ilikuwa imekwisha kuziomba nchi, katika msimamo wake wa 2022, zisiwarudishe kwa nguvu watu wa Kivu Kaskazini, Kivu Kusini na Ituri, wala zisiseme kwa wepesi kwamba wanaweza kwenda kuishi sehemu nyingine ya Kongo ambako hawana uhusiano. Hili linatugusa Kisangani moja kwa moja. Afisa aliye mbali hutazama ramani, akaona mji mkubwa, chuo kikuu, uwanja wa ndege, na mstari wa vita uko mbali kidogo. Akaandika kwamba mtu wa Rutshuru anaweza kuishi Kisangani. Anaweza, kama ana mjomba Mangobo au kanisa Kabondo linalomjua. Kama hana, atakuwa mkimbizi kati yetu. Tena hata kwa mwenyeji mambo yamebadilika: tangu Februari 2023, mapigano ya Wambole na Walengola kwa sababu ya ardhi yamewafanya watu wengi wa Lubunga kuacha nyumba na kuvuka mto. Aliyeondoka 2015 akimwachia kaka yake nyumba kule ng'ambo, aambiwe ukweli kuhusu nyumba hiyo kabla hajaweka sahihi. Ukweli huo ofisi ya Bruxelles haina. Ni sisi tunao.

Fedha, vitu, na umbali wa mto

Familia huota mifuko ya euro. Ni vizuri kusema wazi. Nchi za Umoja wa Ulaya zina mpango wa pamoja chini ya Frontex tangu 2022. Ulipoanza uliweka euro 615 za siku za kwanza, na euro 2,000 kwa mkuu wa nyumba anayerudi kwa hiari, nusu yake kwa kila mtu wa nyumba yake. Si kila nchi ya kurudi imo, na viwango hubadilika. Zaidi ya hayo, sehemu kubwa haitolewi mkononi. Anayerudi huleta proforma ya dukani, shirika hukagua, kisha humlipa muuza duka. Akitaka pikipiki ya teksi, analeta proforma ya pikipiki. Akitaka cherehani, vivyo hivyo. Shangazi anayengoja "sehemu yake" atakuwa anaomba kipande cha cherehani.

Mradi ukiandikwa Ulaya na mtu ambaye hakuona soko letu kwa miaka kumi, mara nyingi unakufa. Friji ya kuuza samaki ni wazo zuri mpaka umeme unapokatika siku tatu. Hapa ndipo kanisa lina cha kutoa kisichogharimu: mama anayeuza soko kuu, fundi, mwenye pikipiki tano, waketi naye kwa simu mwezi mmoja kabla ya safari, wamwambie bei za kweli.

Kisha umbali. Ndege kutoka Ulaya humfikisha Ndjili. Kutoka Kinshasa hadi Kisangani kwa mto ni kilometa kama 1,700, na boti inaweza kuchukua wiki kadhaa. Ndege ya ndani ni ghali kwa mtu mwenye sanduku mbili na watoto watatu. Swali la kuuliza kabla ya sahihi ni hili: tiketi inaishia Ndjili au Bangoka? Na la pili: shirika la kufuatilia mradi lina mtu Kisangani, au nitapaswa kubaki Kinshasa kungoja proforma? Wengine wameishia Kinshasa kwa sababu hiyo tu, wakilala kwa jamaa ambaye naye amechoka. Makanisa yetu yana ndugu Kinshasa kupitia Kanisa la Kristo Kongo. Mtu mmoja wa kumpokea Ndjili, mwenye simu na mahali pa kulala usiku wa kwanza, anaondoa hofu kubwa.

Mwenye ugonjwa wa kudumu aombe karatasi za daktari na dawa za miezi ya kwanza, na aulize mapema kama dawa hiyo inapatikana Kisangani kwa bei gani. Kuna ugonjwa ambao ni sababu ya kutorudi, nao uandikwe na daktari, usifichwe kwa aibu.

Aibu

Katika kuhubiri, anayerudi mikono mitupu hulinganishwa na mwana mpotevu. Tunaona mfano huo hauwafai wengi wao. Mwana mpotevu alitapanya mali kwa anasa. Hawa wengi waliosha vyombo usiku, walituma dola 50 za ada kila walipoweza, wakanyimwa karatasi. Anayewafanana zaidi ni Naomi, aliyeondoka Bethlehemu kwa sababu ya njaa na kurudi baada ya miaka bila mume wala wana, na wanawake wa mji wakaulizana kama kweli ni yeye. Walimwacha aseme uchungu wake. Hawakumwuliza ameleta nini.

Huku kwetu swali hilo huulizwa kabla ya maji ya kunywa. Familia iliuza kiwanja au ilikopa ili aondoke, na mwenye deni bado yupo mtaani. Deni lizungumzwe, ndiyo, lakini lizungumzwe na wazee wawili wa familia na shemasi, wiki kadhaa baadaye, chumbani, na tarehe ziwekwe. Katika vikundi vya maombi tusimsimamishe mbele atoe ushuhuda Jumapili ya kwanza. Wako waliopita Libya au jangwani, na yale waliyoyaona huko hayasemwi kwenye kipaza sauti. Dada aliyerudi na mtoto asiulizwe baba wa mtoto ni nani.

Watoto ndio wanaosahauliwa. Aliyezaliwa Liège au Durban aje na cheti chake cha kuzaliwa na karatasi zote za shule, hata madaftari ya alama, kwa sababu kuzitafuta kutoka huku ni kazi ya mwaka. Kwa mtoto aliyezaliwa baada ya kufika, sheria ya Kongo tangu 2016 inatoa siku 90 za kumwandikisha kwenye komine, na wazazi waliochanganyikiwa na safari huzipitisha bila kujua. Mtoto wa miaka tisa anayejua Kifaransa cha Ubelgiji au Kiingereza tu atachekwa darasani wiki za kwanza. Mwalimu wa Shule ya Jumapili anaweza kumweka karibu na watoto wawili wapole, na kumwacha aimbe bila maneno mpaka Kiswahili na Lingala vimwingie.